Rufaa: barua mkononi au picha kwenye WhatsApp?

Mgonjwa akitoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, taarifa zake husafiri kwa njia mbili.

Barua ya rufaa anaibeba mwenyewe, imekunjwa mara nne ndani ya kadi ya kliniki, na akishuka daladala jasho limeshafuta namba za presha. Ikipotea, vipimo vinaanza upya na hela inamtoka tena. Lakini siri anayo yeye: anajua nani ameisoma. (Kama mwandiko unasomeka, maana hata mfamasia hubahatisha.)

Picha ya faili kwenye kundi la WhatsApp la watoa huduma haina mpinzani kwa kasi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anafika akikuta damu imeshaandaliwa. Tatizo, jina lake na majibu ya VVU yanabaki kwenye simu za watu 30, wengine walishahama kituo. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kwa dharura nachagua picha ya WhatsApp, ila jina lifichwe, na mgonjwa mwenye fahamu aulizwe kwanza. Rufaa ya kawaida? Barua, tena ndani ya bahasha.