Gasketi ya hedi ya Fuso yangu: fundi wa kwanza aliibadilisha, wa pili aliipima

Nianze na bei, maana najua wengi ndiyo mnayoitafuta. Kazi yote imenigharimu shilingi 1,825,000, lori lililala gereji siku tisa, na huu ni mwezi wa saba tangu litoke, halijapungua maji. Kabla ya hapo nilishampa fundi mwingine 335,000 kwa ugonjwa huohuo, kazi yake ikadumu wiki tano. Gereji zote mbili sizitaji. Naeleza kazi ilivyofanyika, mwenye lori ajipimie mwenyewe.

Ni Fuso Fighter ya turbo, silinda sita, hedi moja ndefu. Hedi ni kile kifuniko cha chuma juu ya silinda, na gasketi ndiyo inayoziba kati yake na bloku ya injini. Inashusha mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam, ikirudi inabeba saruji au mzigo wa maduka. Kazi ngumu ni kurudi, ukishaiacha Ruaha Mbuyuni ukaanza mlima Kitonga. Pale lori lenye mzigo linapanda kwa gia ndogo, turbo inasukuma hewa kwenye injini muda wote, na mwendo ni mdogo hata upepo wa kupooza rejeta haupo, inabaki feni peke yake. Kama mfumo wa maji una kasoro, Kitonga itakuambia.

Ugonjwa ulianza kwa maji kupotea. Dereva akanipigia: "Bosi, gari inakunywa karibu lita mbili kila safari, na chini hakuna hata tone." Fundi wa kwanza akaanza kwa kutoa themostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta yakishapata moto, eti nchi ya joto haiihitaji. Nikaamini. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayofunga pia njia ya mkato, kwa hiyo ukiitoa sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Hali ilipozidi akafungua hedi, akaisugua kwa msasa, akaweka gasketi ya 85,000, akakaza kwa bomba refu na mkono wake uliozoea. Asubuhi alifungua, jioni gari likawaka. Nilimsifia sana, nakiri.

Wiki tano baadaye, mifuko 160 ya saruji mgongoni, mshale wa joto ukapanda katikati ya Kitonga. Dereva alifanya la maana: aliweka gari pembeni, tandiboi akasukumia mawe chini ya matairi, na hawakugusa kifuniko cha rejeta wala kumwagia injini maji baridi. Mzigo tukaufaulisha, lori likavutwa hadi Iringa.

Huyu fundi wa pili ni mtu mzima, anaongea kidogo. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza kwamba ni gasketi ya hedi, afungue tu. Akanikata: "Kijana, nani kakwambia ni gasketi? Acha gari ilale. Kesho nisikute mtu kaiwasha." Niliona ananipotezea siku. Kumbe alitaka injini iwe baridi kabisa.

Asubuhi akafungua kifuniko, akajaza maji hadi mdomoni, akawasha. Mapovu yakatoka palepale, na alipofunga, mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu ndani ya dakika tatu huku maji bado ya baridi. Akaniambia niushike. Maji hayajapata moto, kwa hiyo ule si mvuke. Kuna hewa inaingia kwa nguvu. Mimi nikadhani tumemaliza. Hapana. Gari lenye breki za upepo lina kompresa ya kujazia upepo huo, na kompresa hiyo inapozwa kwa maji ya injini. Gasketi yake ikifa, nayo inasukuma upepo kwenye maji, na dalili ni zilezile. Akaitenga njia ya maji ya kompresa, akawasha tena. Mapovu yakaendelea. Ni watu wangapi wamefunguliwa hedi nzima kwa kosa la kompresa? Sijui, ila mimi nisingeuliza kamwe.

Akaleta kile kichupa cha dawa ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, ambacho hubadilika rangi kikikutana na moshi wa silinda. Kwenye dizeli hakina haraka, kwa sababu injini ya dizeli inapumua hewa nyingi kuliko inavyochoma na moshi wake ni mwepesi, hasa ikiwa sailensi, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta. Aliiacha ikizunguka kwa kasi kidogo mpaka buluu ikageuka. Oili ilikuwa safi, haina ule weupe wa chai ya maziwa, kwa hiyo kipooza oili nacho kikaondoka kwenye orodha. Mwisho akawa analegeza mabomba yanayopeleka dizeli kwenye nozeli, moja baada ya jingine. Alipolegeza la nne, silinda hiyo ikakosa dizeli na mapovu yakapungua.

Hapo ndipo aliponyanyua kichwa cha gari na kuanza kufungua. Kati ya silinda ya tatu na ya nne kulikuwa na mstari mweusi, pete ya gasketi imeliwa na moto. Akalaza rula ya chuma juu ya hedi, akapitisha fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake: ule msasa wa fundi wangu wa kwanza ulikuwa umechimba bonde. Gasketi mpya juu ya bonde, mtakubaliana nami, ni pesa ya kutupa.

Hedi ikaenda kwenye karakana ya mashine, ikajaribiwa kwa presha ndani ya maji ya moto ili kuona kama ina ufa, haukuwepo, ikasagwa uso. Iliporudi alipima ncha za nozeli na kina cha valvu, maana hedi ikisagwa vyote vinasogea karibu na pistoni. Akapima laina, yaani mikono ya chuma ambamo pistoni zinacheza, zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Boliti alizipanga mezani kwa urefu, mbili zilikuwa zimevutika, akazikataa. Matundu yake akayakausha kwa upepo, kwa sababu oili au maji yakibaki chini ya tundu, spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inakudanganya na bloku inaweza kupasuka. Kukaza kulianzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu.

Lakini kilichonifanya niandike ni swali lake wakati anafunga: "Na nani kaifungulia hii pampu?" Sili ya pampu ya dizeli ilikuwa imekatwa. Dereva akaangalia viatu vyake. Akiwa njiani alikuwa ameifungulia imwage dizeli zaidi kwenye injini, ili apande Kitonga bila kupitwa. Na mimi ule moshi mweusi niliuona kama nguvu! Kwenye injini ya turbo, dizeli ya ziada ni joto na presha ya ziada ndani ya silinda, na kwenye mlima mrefu gasketi ndiyo inayolipa. Kifuniko cha rejeta nacho kilikuwa kimelegea. Iringa iko juu ya mita 1,500, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima cha presha ya 0.9 kinapandisha hapo karibu nyuzi 20. Mimi nilikuwa napanda bila hiyo akiba.

Mchanganuo: ufundi 600,000, gasketi seti ya juu pamoja na boliti mbili 420,000, karakana ya mashine 260,000, pampu kupimwa na kufungwa sili upya 180,000, na oili, filta, kulanti (maji ya kupoozea injini), themostati na kifuniko 365,000.

Malalamiko ninayo. Siku tatu kati ya tisa zilikwenda kusubiri gasketi kutoka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa sababu zilizopo mjini alizikataa zote. Simu hapokei. Gharama ya karakana nilitajiwa hedi ikiwa tayari imeshapelekwa, nikabaki sina la kusema. Na dhamana ya maandishi hana. Alichosema ni nirudi baada ya kilomita 1,000 acheki valvu, nikarudi, hakunitoza.

Ningempelekea tena? Ndiyo, ila na mkataba wa bei mkononi. Dereva wangu ndiye asiyemsifia. Anasema gari limekuwa zito, Kitonga anapitwa hata na Canter. Nimemwambia awapungie mkono.