Malewa ya Mbale: "Nunua au pisha"

Hasira bado haijaniisha, kwa hiyo mtanivumilia. Nilinunua malewa katika kibanda kimoja sokoni Mbale, Uganda, na tangu siku hiyo sijatulia.

Ulikuwa msimu wa tohara, ile miezi ambayo nyumba za kwetu Bungoma, Kenya, zinajaa wageni. Sisi Wabukusu, kama ndugu zetu Wagisu wa ng'ambo ya mpaka, tunatahiri mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kuna wazee ambao usipowawekea malewa mezani wanaona hawajakaribishwa. Kwa wasioyajua, ni machipukizi machanga ya mianzi ya Mlima Elgon yanayokaushwa kwa moshi mpaka yanakuwa ya kahawia, kisha yanafungwa vitita.

Nilimwomba mama muuzaji alegeze kamba nione ya katikati. Niliomba kwa heshima, nikamwita mama ingawa kwa umri namzidi. Kwa nini niliomba? Kwa sababu malewa hayanunuliwi kwa kutazama nje. Unatoa kijiti kimoja, unakivunja. Kikikatika kwa mlio, ni kikavu. Kikipinda, kina maji, na hakitakaa siku nyingi kabla ya kuota ukungu. Unanusa: unatafuta moshi, si harufu ya godoro lililolowa. Unatazama vifundo. Vikikaribiana umeshika ncha, nayo ni laini. Vikiachana umeshika tako la chipukizi, na hilo hata uchemshe mchana kutwa utatafuna nyuzi. Halafu unakung'uta kidogo. Unga ukimwagika, fukusi wamekutangulia. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa msichana, na hakuna muuzaji mwaminifu niliyewahi kumwona akikataa.

Huyu alininyang'anya kitita mkononi. "Nyinyi wa Kenya mnakuja hapa kufunguafungua vitu vya watu. Malewa unayajua wewe? Nunua au pisha." Alisema kwa sauti, wenzake wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. Mimi bibi wa wajukuu! Gari la kwenda mpakani Lwakhakha lilikuwa karibu kujaa na wageni walikuwa njiani, nikalipa, nikachukua vitita vyangu, nikaondoka bila kujibu.

Nyumbani nikakata kamba ya kitita cha kwanza. Safu ya juu ilikuwa vijiti vizuri, virefu, vya rangi moja. Chini yake, matako matupu, mafupi, magumu, yamesukumwa katikati pasipoonekana. Katikati kabisa ukungu mweupe ulikuwa umeshikanisha vijiti hata ikabidi nivibandue kwa kisu. Sikuosha, sikuchemsha, nilitupa kitita kizima. Ukungu hauoshwi ukawalisha watu.

Ndipo niliposhika kalamu kuwaambia msinunue malewa sokoni Mbale, kamwe. Lakini wageni walikuwa wamefika, nikafungua kitita cha pili, na hapo lazima niseme ukweli wote. Kilikuwa safi mpaka ndani. Nikaosha masizi kwa maji ya uvuguvugu, nikabadilisha maji mpaka yakaacha kuwa meusi, nikaloweka usiku kucha. Asubuhi vijiti vilikuwa vimevimba na kulainika. Nilipitisha ukucha wa kidole gumba kutoka nchani kushuka chini, na pale ulipogoma kuingia nikakata, nikatupa kilichobaki. Nikakatakata vipande vyembamba, nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikachemsha tena mpaka vikaiva. Halafu karanga za kusaga zilizokorogwa kwa maji ya moto, chumvi, na moto mdogo. Hapo huondoki jikoni. Karanga zinashika chini haraka, na zikiungua sufuria nzima imeharibika. Unakoroga mpaka mchuzi unakuwa mzito na mafuta ya karanga yanaanza kuchungulia juu.

Jamani, yalikuwa matamu. Moshi ulikuwepo kwa mbali, karanga zimekolea, na kila kipande kilikuwa laini ila bado kina ukinzani kidogo kwenye jino. Shemeji yangu mkubwa, mzee asiyesifu chakula cha mtu, aliomba kuongezewa, akauliza nimeyatoa wapi. Nikamtajia Mbale, naye akasema ndiyo maana. Nikanyamaza.

Basi niseme nini? Kwa kitita cha pili ningempa huyo mama alama zote. Lakini kadiri ninavyokumbuka utamu ule ndivyo hasira inavyopanda, maana kumbe mzigo mzuri anao! Alijua kipi ni kipi. Mianzi ile inaota juu kwenye baridi, zaidi ya mita 2,000, na upande wa Uganda mlima umekuwa hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo watu wa vijiji vya pembeni huingia kuchuma kwa makubaliano. Mtu amepanda mlima huo, ameteremka na mzigo kichwani, amekesha akichochea moto, halafu mwingine anakuja kutumia vijiti vyake kufichia matako na ukungu. Aliyeibiwa si mimi peke yangu.

Kwa hiyo nabadilisha nilichosema. Malewa ya Mbale nunueni, hakuna mazuri kuyashinda, na hata nikikasirika vipi siwezi kuyasema vibaya. Ila kibanda hicho mimi sirudi, hata anipe bure. Hapana, bure pia nitafungua kamba kwanza. Safari ijayo nitawatafuta akina mama wanaoteremka na vitita vyao wenyewe kutoka milimani. Hao ukiwaomba wafungue wanafungua, wanakuvunjia kijiti mbele yako usikie mlio, na kama kuna matako wanakupunguzia bei bila kugombana.