Rangi Usoni kwa Bei ya Kariakoo: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Ukiache Dukani

Shilingi 30,000 zinatosha kukuweka na rangi usoni wiki nzima, na nauli ya daladala ikabaki. Kinachowaponza wengi ni kuanza na kitu kisicho cha kuanzia. Mtu anaingia Kariakoo, anaona paleti kubwa kama sinia, rangi mia na ushee zinang'aa chini ya taa za dukani, hela yote inaishia hapo. Jumatatu anajipaka, rangi haionekani. Jumanne amerudi kwenye poda na lipshaini yake ya siku zote, na paleti inakaa kabatini hadi ivunjike.

Mpangilio huu unaanza na kinachostahili hela yako ya kwanza. Nimetazama mambo matatu: rangi ionekane kwenye ngozi ya maji ya kunde hadi nyeusi tii, ivumilie joto la Dar mpaka jioni, na isikulazimishe kununua vitu vingine vitatu ndipo ifanye kazi. Jina la kampuni nimeliweka nyuma kabisa. Kwenye bei hizi, jina kubwa lililoandikwa juu ya kopo mara nyingi ni la kuigiza.

Namba moja: wanja wa penseli wa rangi

Bluu, kijani, zambarau, hata chungwa. Mara nyingi hauvuki shilingi 3,000, na katika vipodozi vya bei ya chini sijaona kingine ambacho rangi yake inatoka vile vile ilivyo kwenye ncha. Sababu iko kwenye utengenezaji: rangi ya penseli imechanganywa na nta na mafuta, kwa hiyo inashika ngozi yenyewe. Aishado ya unga, yaani rangi ya kupaka kwenye kope, haijishikizi hivyo, ni lazima uitandikie kitu chini.

Dukani usiijaribie jichoni. Penseli ya kujaribia imeshapita kwenye macho ya watu usiowajua, na ugonjwa wa macho mekundu hauulizi umenunua au umejaribu tu. Chora mstari nyuma ya kiganja bila kukandamiza. Ukilazimika kupita mara tatu ndipo bluu ionekane, rudisha. Ikitoka kwa mara moja, endelea kuangalia vitu vingine, kisha baada ya dakika chache usugue ule mstari kwa kidole gumba. Ukisambaa wote, penseli hiyo itakuwa imeshuka chini ya macho kabla ya saa sita mchana. Ukififia kidogo tu, ni ya kulipia. Na kabla ya kulipia toka nje uutazame mkono juani, maana taa nyeupe za maduka hudanganya, hasa kwenye zambarau na kijani.

Kwa anayeanza nasema bluu iliyokolea, ile ya wino. Kwenye ngozi nyeusi haiwaki kupita kiasi, na inafanya weupe wa jicho uonekane safi. Bluu na waridi zilizofifia ziache kwa sasa: zimechanganywa na rangi nyeupe nyingi, na nyeupe hiyo ndiyo inayokufanya uonekane umepauka. Siku ya kwanza chora chini ya jicho tu, kwenye mizizi ya kope za chini, juu paka maskara nyeusi au usipake kitu. Ukizoea, panda juu: mstari mnene kwenye kope, halafu usambaze ukingo wake wa juu kwa ncha ya kidole kabla haujakauka. Zile zisizotoka kwa maji hukauka haraka, kwa hiyo fanya jicho moja umalize ndipo uhamie la pili. Kama unaswali, chukua ya kawaida, kwa sababu isiyotoka kwa maji itakusumbua kila wakati wa udhu.

Chonga kabla ya kila matumizi, hata kama ncha bado ipo. Kuilamba ili ilainike, nakuomba, hapana.

Jambo moja zito. Wanja wa unga unaouzwa kwenye vichupa visivyo na maandishi, wengi wanauita wanja wa manga, mara nyingi husagwa kutoka kwenye jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi yaliyoungana na salfa. Risasi ni sumu inayojikusanya mwilini, na kwa watoto hudhuru ubongo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haikubali wanja wa aina hiyo kuwa kipodozi. Najua bibi zetu wameupaka na watoto wamechorwa nyusi kwa huo huo, lakini penseli ya shilingi 2,000 yenye orodha ya viambato ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa salama kuliko kichupa usichojua kilichomo.

Namba mbili: lipstiki moja inayofanya kazi mbili

Chagua ya kijiti, ile ya kuzungusha, kwa sababu hiyo hiyo utaigusisha mashavuni mara mbili na kuisambaza kwa kidole ikawa blasha. Ya maji inayokauka ina rangi kali na inavumilia chai na maandazi, ila mashavuni inaganda kwa mabaka. Damu ya mzee inamkubali karibu kila mtu. Chungwa lililokolea linapendeza sana kwenye ngozi nyeusi, na waridi kali la fuksia linafaa siku unayotaka watu wa ofisini wakuulize unakwenda wapi.

Usiipandishe machoni, hata kama umeona watu wanafanya. Baadhi ya rangi nyekundu zinazoruhusiwa midomoni haziruhusiwi kuzunguka macho nchini Marekani, mfano ile inayoandikwa CI 15850 kwenye orodha ya viambato. Ulaya wao wanaikubali, kwa hiyo haina maana kwamba ukiigusisha utapofuka. Lakini kope ina ngozi nyembamba kuliko shavu, na sioni haja ya kuifanyia majaribio.

Fungua, nusa. Lipstiki iliyokaa sana ina harufu ya mafuta ya kupikia yaliyochacha. Itazame pia kichwani: ikiwa na matone madogo kama jasho, imepigwa na joto, labda kwenye kontena, labda kwenye meza ya barabarani, na haitakaa midomoni inavyotakiwa.

Namba tatu: aishado za kopo moja moja

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela kwa kutojua tofauti ya zile zinazong'aa na zisizong'aa. Zinazong'aa huwa na maika, chembe za madini zinazorudisha mwanga, na hata ya bei ya chini inaweza kuwa nzuri sana. Zisizong'aa ni ngumu kutengeneza vizuri, na za bei rahisi mara nyingi ni talki nyingi, unga mweupe wa kujazia, na rangi kidogo. Njano na bluu zisizong'aa ndizo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo kwa hela ndogo nunua dhahabu, shaba, kijani cha kung'aa na zambarau ya kung'aa, na rangi isiyong'aa ipate kutoka kwenye penseli yako.

Kipimo: kidole kimoja, mguso mmoja, mpako mmoja upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Unga ukibaki kidoleni na ngozi ikawa kama imepakwa chaki, usishawishike na maneno ya muuzaji. Atakwambia "dada, hii mpaka upake na praima." Basi akupe bure hiyo praima, ile ya kupaka chini ili rangi ishike.

Ukishainunua, itandikie. Wanja wa rangi unaofanana nayo ukiusambaza kwenye kope halafu ukagandamiza aishado juu yake, rangi inakolea na kukaa muda mrefu. Huna wanja wa rangi hiyo? Konsila nyembamba, ile krimu ya kufichia madoa, inatosha. Kwa rangi za kung'aa kuna ujanja mwingine: wanja mweusi chini, kijani juu, unapata kijani kizito chenye kina ambacho kopo peke yake halina. Au lowanisha brashi kwa tone la maji kabla ya kuchovya. Vaselini ndiyo usiitumie. Inang'arisha kwa muda mfupi kisha kila kitu kinateleza na kujikusanya kwenye mkunjo wa kope.

Namba nne: paleti ndogo

Rangi tisa hivi, kwa 10,000 hadi 15,000, kama tayari una wanja na umeshajua unapenda rangi gani. Kabla ya hapo unalipia kahawia tano ambazo hukuzifuata. Kati ya kampuni zinazoigwa sana ni Juvia's Place, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2016 na Chichi Eburu, mzaliwa wa Nigeria, kwa ajili ya ngozi nyeusi hasa. Sifa ya rangi zake ni ya kweli, lakini iliyo halisi haiwezi kufika Kariakoo ikauzwa bei ya chipsi kuku. Geuza boksi: ya kuigiza mara nyingi ina herufi zilizokosewa, haina namba ya toleo, na orodha ya viambato haipo au haisomeki.

Namba tano: maskara ya rangi

Kwenye kope nyeusi haionekani mpaka mtu akusogelee kukusalimia. Ruka.

Mwisho wa orodha: lile sinia

Paleti ya rangi mia moja na zaidi ina vidoa vyembamba vya unga mkavu, na utatumia sita. Zenye rangi za kuwaka ndizo za kuangalia zaidi: baadhi zimeandikwa nyuma, kwa maandishi madogo, kwamba hazikusudiwi eneo la macho. Zinapangwa na kuuzwa kama aishado, lakini mtengenezaji ameshajitoa mapema. Soma nyuma kabla hujafungua pochi.

Faundesheni sikuiweka kwenye orodha kwa makusudi. Kwa rangi za kila siku uso wako wenyewe na poda kidogo vinatosha, na joto hili halipendi tabaka nyingi. Ukiitaka, hapo ndipo usibane hela. Mwaka 2017 kampuni ya vipodozi ya Fenty Beauty ilitoka na faundesheni za rangi 40 kwa mkupuo, na tangu hapo kampuni nyingine zimebanwa kuongeza za ngozi nyeusi, hivyo huna sababu ya kukubali "hii itakukubali tu." Ijaribu kwenye taya, juani, uone kama inapotea kwenye ngozi ya shingo.

Kwenye rafu hizo hizo utakutana na mkorogo, zile krimu za kujichubua. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Muuzaji anayekuwekea mkorogo chini ya meza usimwamini hata kwenye wanja.

Vifaa: brashi moja ndogo bapa, moja ya kusambazia, vidole vyako. Zioshe kwa sabuni ya kipande mwisho wa wiki, zikauke zikiwa zimelala. Kwenye vipodozi vyenyewe tafuta mchoro wa kikopo kilichofunguliwa chenye 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Maskara usiivushe miezi sita, hata ikiwa bado imejaa.

Kuhusu kupanga rangi, kitenge au mtandio wako umeshakufanyia kazi. Chukua rangi iliyo ndogo kuliko zote kwenye nguo, ile inayoonekana kwenye ukingo tu, iweke machoni. Gauni la bluu lenye maua ya chungwa linataka chungwa kwenye kope. Bluu juu ya bluu itaonekana sare. Siku ya kazi weka rangi sehemu moja, macho au midomo. Ijumaa jioni weka zote mbili, nani atakukataza?

Kwa 30,000 zako basi: wanja wa bluu na wa kijani, lipstiki ya damu ya mzee, kopo mbili za aishado, ya shaba na ya zambarau, brashi ndogo, na kichongeo. Bei hupanda na kushuka, na ukianza kutoka bila kulipa, aghalabu inashuka. Kwa kutoa rangi usiku, mafuta ya nazi uliyo nayo jikoni yanatosha: pakaza kwenye kope ukiwa umefumba macho, subiri kidogo, futa kwa pamba kuelekea chini, kisha osha kwa sabuni. Rangi hubaki kwenye mizizi ya kope, kwa hiyo futa mara ya pili kabla hujalalia foronya nyeupe.