Hakea laurina: kama unatafuta matunda ya kula pita, kama unataka maua na ndege chukua

Wadau wa bustani mlioko Australia, huu mche wa Hakea laurina, mti mdogo wa maua wa asili ya Australia, nimeuchukua kwenye nasari ya mimea ya asili hapa Perth na naupa nyota 4 kati ya 5. Niseme mapema maana watoto lazima waulize, tunda lake haliliwi, ni mbao tupu, lina kama sentimita 3 hivi na kamdomo kafupi, ndani mbegu mbili tu zenye bawa, na linakaa limejifunga kwenye tawi miaka na miaka mpaka tawi life au moto upite ndo linapasuka. Ila wale kasuku weusi wa Carnaby, ambao wamebaki wachache sana na wanapatikana huku kusini magharibi mwa Australia peke yake, wanalitafuna hadi wafike kwenye mbegu, kwa hiyo matunda yaliyokauka msiyakate, waachieni.

Sasa maua jamani! Yanaanza kama mwezi wa 4 na baridi yote yapo, duara jekundu limechomekwa pini za rangi ya krimu kila upande, nekta kibao, asubuhi ndege wanagombania tawi na mimi kazi yangu ni kusimama dirishani tu. Kwa hilo peke yake pesa yangu imerudi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya mizizi. Haiendi chini sana, mti ukishakuwa mkubwa (unafika mita 3 hadi 6) upepo mkali wa mvua unaweza kuulaza, ndo maana nasema chukueni kamche kadogo ka dola chache, siyo ule mrefu uliokaa kwenye chungu hadi mizizi imejizungusha, na muwe mnaupogoa kidogo kila ukimaliza kutoa maua.

Halafu mbolea, hapa wauzaji wengi wananyamaza na inaniuma. Huu mti umezoea udongo wa kizamani uliochoka, mizizi yake inajua kukamua fosforasi (kirutubisho cha mimea) hata ikiwa kidogo mno, sasa ukiupa mbolea ya kawaida ya bustani, yenye fosforasi nyingi, unaweza kuuua kabisa. Tumia ile iliyoandikwa ya mimea ya asili ya Australia, au usiweke kitu. Udongo uwe wa kupitisha maji, jua la kutosha, mwaka wa kwanza mwagilia kiangazi chote, baada ya hapo unajitegemea.