Kujitolea timu ya chuo Tabora: netiboli au magongo?

Netiboli ni rahisi kuanza nayo: wachezaji 7, mpira mmoja, filimbi, na wanaozijua sheria hawakosekani. Utabeba maji, utaandika magoli, basi.

Mpira wa magongo una wachezaji 11 kila upande, na hapo msaidizi ana kazi hasa. Kwenye uwanja wa udongo lazima uokote kokoto kabla ya mazoezi, maana ule mpira mgumu ukigonga kokoto huruka usoni. Kisha ukague magongo yaliyopasuka, umvishe kipa pedi za miguuni. Tanzania ilicheza mchezo huu kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980; inaniuma kuuona umefifia hivi.

Mwenye muda mchache aende netiboli. Mimi ningechagua magongo, ndiko wasaidizi wanakohitajika zaidi.