Kiti cha kazi ya mezani: kipi cha kununua, kipi cha kuacha

Kiti changu cha kwanza kilikuwa kile kinachoitwa cha bosi: kipana, ngozi bandia, egemeo limepita kichwa. Dukani nilikikalia dakika mbili nikajiona mkurugenzi. Wiki mbili baadaye kiuno kilikuwa kinawaka moto. Sehemu ya kukalia ilikuwa ndefu kuliko mapaja yangu, kwa hiyo nikiegemea miguu inaning'inia, nikikanyaga chini mgongo unabaki hewani. Kwenye orodha hii nakiweka mkiani.

Cha kwanza kwangu ni kiti cha wavu kinachopanda na kushuka, chenye egemeo lililotuna kidogo penye kiuno. Pale palipotuna pawe panasogezwa juu na chini, maana viuno havilingani. Kaa mpaka nyuma kabisa, halafu pitisha vidole kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vikipita viwili au vitatu, kimekutosha. Nyayo zote zilale sakafuni. Pima pia uwazi wa chini ya meza yako kabla hujatoka nyumbani: mikono ya kiti ikigota kwenye ubao, utakaa mbali na kuinamia kazi kutwa nzima. Magurudumu yawe matano, kwani ya manne hupinduka upesi.

Cha pili, ambacho wengi hukidharau, ni kiti cha aina hiyohiyo kilichokwisha kutumika. Kipandishe mpaka juu, ukikalie dakika kumi. Kikishuka chenyewe, silinda ya gesi, ile nguzo inayokiinua, imechoka. Sponji nayo ibonyeze kwa ngumi. Ukigusa ubao, aga uondoke.

Bajeti ikigoma, chukua kiti cha kawaida cha mbao. Weka mto mwembamba wa kukalia, viringisha taulo uliweke kiunoni, na kama kiti ni kirefu tafuta kiboksi cha kukanyagia. Kwa saa mbili tatu kinavumilika.

Viti vya wacheza gemu navipa nafasi ya nne. Nusu ya bei ni rangi. Mpira wa mazoezi, ambao wengine huukalia badala ya kiti, hauna egemeo, na ukichoka unajikunja tu juu yake.

Kama unatumia laptopu, bakiza hela ya kibodi ya pembeni. Inua laptopu kwa vitabu mpaka ukingo wa juu wa skrini ufikie macho, la sivyo utainama hata kwenye kiti bora. Kila nusu saa simama, tembea kidogo. Na kama maumivu yanateremka mguuni pamoja na ganzi, hela ya kiti ipeleke kwanza kwa daktari.