Sony PXW-Z90: Udhibiti wa Mwanga na Fokasi
Miongoni mwa kamera ndogo za video zinazofaa harusi, mikutano na habari, Sony PXW-Z90 iliyotangazwa mwaka 2017 ndiyo ninayoipendekeza kwanza, hasa kwa sababu ya vichujio vya ND vilivyomo ndani yake. Vichujio hivyo hupunguza mwanga hadi 1/4, 1/16 au 1/64, hivyo hata kwenye jua kali la mchana unaweza kuiacha shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) kwenye 1/50 ya sekunde, kasi inayolingana na fremu 25 kwa sekunde na inayozuia taa za umeme wa hezi 50 zisipepese kwenye picha, bila kulibana mno tundu la lenzi na kupoteza ukali wa picha. Milia ya zebra, yaani mistari inayotokea kwenye skrini ya kamera, nayo huonyesha sehemu zilizozidi mwanga. Kwa shela jeupe la bibi harusi, huo ni msaada mkubwa. Fokasi ya otomatiki, yenye vituo 273, huufuata uso kwa utulivu. Hata hivyo, ukivuta zumu hadi mwisho, tundu hupungua kutoka F2.8 hadi F4.5, na katika ukumbi wenye mwanga hafifu tofauti hiyo huonekana waziwazi, kwa hiyo ni bora kumsogelea msemaji kwa miguu.